Muhtasari wa Makala ya Utafiti: Mwanachuo Atuambie Nini?

Miongoni mwa kazi wanazopewa walimu wanachuo katika somo la utafiti na upimaji, hakuna inayofanywa kwa haraka, na kusahihishwa kwa haraka, kama muhtasari wa makala ya utafiti. Mwanachuo hupewa makala ya kurasa 20 au 40, aghalabu ya Kiingereza, akaambiwa airudishe kwa ukurasa mmoja. Naye hufanya lile alilozoezwa tangu shule ya msingi: husoma ikisiri iliyo juu, huruka hadi hitimisho lililo chini, huchukua sentensi ya kwanza ya aya chache zilizo katikati, hubadilisha maneno mawili matatu, huhesabu maneno yake, na kazi imekwisha. Mkufunzi, akiwa na rundo la madaftari mezani, hutia alama ya vema na kufungua daftari la pili. Sisi tunaona kwamba kazi ya namna hii haimfai mwanachuo, wala haitawafaa watoto atakaowafundisha, na yafaa tueleze kwa nini.

Kosa, kwa maoni yetu, linaanzia katika neno lenyewe. Tumezoea kuuona muhtasari wa utafiti kama ndugu wa ufupisho, zoezi lile la mtihani wa Kiswahili ambalo humtaka mwanafunzi aseme habari ya maneno 300 kwa maneno 60. Katika ufupisho, habari yote imo ndani ya maneno. Ukiambiwa kwamba mvua ilinyesha na daraja likabomoka, hulazimiki kuuliza mwandishi alijuaje. Kazi yako ni kusema jambo lile lile kwa ufupi. Makala ya utafiti ni jambo la namna nyingine. Hiyo ni ushahidi. Wazee wanaokaa barazani kusikiliza shauri la mpaka wa shamba hawaridhiki kusikia shahidi akisema kwamba mpaka ulikuwa kwenye mwembe. Humuuliza: wewe ulikuwa wapi siku hiyo? Uliona kwa macho yako au uliambiwa? Mwembe upi, maana hapo ipo miwili? Mtu anayetoka barazani na kwenda kuwaambia wenzake, "Imethibitika kuwa mpaka ni kwenye mwembe," bila kutaja nani alisema na alijuaje, hakupeleka muhtasari wa shauri. Amepeleka uvumi.

Basi sisi twasema hivi: muhtasari wa makala ya utafiti ambao haumwambii msomaji mtafiti alijuaje anayoyasema, yaani aliwapima nani, wapi, lini, wangapi na kwa njia gani, si muhtasari hata kama kila neno lake ni la kweli.

Sisi tulioko Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa hasara inayoweza kutokana na taarifa iliyosomwa kwa namna hiyo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma watu 3, wakiongozwa na John Wakefield aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa matrekta katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Walizunguka kwa muda wa wiki 9 hivi. Taarifa yao ilipendekeza kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yake ikiwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu, Nachingwea. Kilichofuata kinajulikana. Bandari ilijengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea, misitu ikafyekwa; mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Hatusemi kwamba mpango ule ulikufa kwa sababu ya usomaji mbaya peke yake. Matrekta mabovu, visiki, ukame na udongo wa Kongwa unaokauka ukawa mgumu kama tofali vyote vilikuwa na sehemu yao. Lakini muda wa uchunguzi haukuwa siri. Karanga yenyewe tangu kupandwa hadi kung'olewa huhitaji zaidi ya wiki 9. Msomaji ambaye angejiuliza, kabla ya kutazama idadi ya ekari, wachunguzi hawa walikaa kwa muda gani na walipanda nini, angeisoma taarifa ile kwa jicho lingine.

Sasa na tuje kwenye makala ya elimu, na tuchukue moja ambayo kila mwalimu wa shule ya msingi wa nchi hii ana sababu ya kuifahamu. Mwaka 2019 jarida la Marekani liitwalo Quarterly Journal of Economics lilichapisha makala ya Isaac Mbiti na wenzake watano kuhusu shule za msingi za Tanzania. Wanachuo wanaoisoma kwa mtindo tulioueleza hapo juu huweza kabisa kuandika hivi:

"Makala hii inahusu elimu Tanzania. Watafiti waligundua kwamba kuzipa shule fedha hakusaidii wanafunzi kufaulu. Walimu wakilipwa zaidi wanafunzi hufaulu. Kwa hiyo serikali inashauriwa iwalipe walimu zaidi."

Msomaji asiyeijua makala atadhani huu ni muhtasari mzuri: ni mfupi, unaeleweka, na una ushauri. Kwa hakika umepotoka mahali pasipopungua patatu. Tutaupitia polepole, kwa maana ni katika mfano kama huu, na si katika orodha ya kanuni, ndipo mwanachuo anapojifunza.

Kwanza, utafiti haukuuliza kama fedha zinasaidia au hazisaidii kwa jumla. Uliuliza juu ya jambo mahususi. Watafiti walizichukua shule 350 katika wilaya 10 na kuzigawa kwa kura katika makundi manne. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika shule nyingine 70 hapakutolewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio katika somo: Kiswahili, Kiingereza au hisabati. Shule 70 za tatu zilipata yote mawili. Shule 140 zilizobaki hazikupewa chochote, zikawa za kulinganishia. Kazi hii ilifanywa mwaka 2013 na 2014. Haya yote yamo katikati ya makala, katika sehemu ile ambayo mwanachuo huiruka kwa sababu imejaa namba.

Hebu tazameni jinsi maana inavyogeuka mara tu haya yanapojulikana. "Walimu wakilipwa zaidi" hayakuwa maneno ya watafiti. Hakuna mwalimu aliyeongezewa mshahara. Kilichojaribiwa ni malipo yanayofuata mtoto anayefaulu, na hilo ni jambo tofauti kabisa na nyongeza ya mshahara. Mtu anaweza kulikubali moja na kulikataa la pili. Na kwa nini kura? Kwa sababu kama shule zingejichagulia zenyewe, huenda zile zenye mwalimu mkuu hodari ndizo zingekimbilia ruzuku, na mwisho tusingejua kama watoto wamefaulu kwa sababu ya ruzuku au kwa sababu ya mwalimu mkuu. Mwanachuo akiweza kueleza kura ile ilikuwa ya kazi gani, sisi tutakuwa tayari kumsamehe mengi mengine.

Pili, kuna neno la Kiingereza ambalo huwapotosha wasomaji wengi, nalo ni "significant". Katika mazungumzo ya kawaida neno hili lina maana ya jambo kubwa au muhimu. Katika takwimu lina maana nyingine: kwamba tofauti iliyoonekana haielekei kuwa ya bahati tu. Tofauti ndogo sana inaweza kuwa hivyo, na tofauti kubwa inaweza isiwe hivyo, hasa kama waliopimwa ni wachache. Anayelitafsiri neno hilo kwa "matokeo makubwa" atamdanganya msomaji wake bila kukusudia. Afadhali aseme kwa Kiswahili cha kawaida, "tofauti ambayo si rahisi kuwa ya bahati". Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Tatu, makala yenyewe ina mitihani ya aina mbili, na hapa ndipo penye utamu wake. Kulikuwa na mtihani uliotumiwa kupima nani alipwe, na kulikuwa na mtihani mwingine wa watafiti ambao haukuwa na malipo yoyote nyuma yake. Katika shule zilizopata ahadi ya malipo peke yake, alama zilipanda katika mtihani wa kwanza, lakini katika mtihani wa pili haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Kila mwalimu aliyepata kusimama mbele ya darasa la mtihani ataelewa mara moja kwa nini jambo hili si dogo. Katika shule zilizopata ruzuku pamoja na malipo, watoto walipanda katika mitihani yote miwili, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya kile ambacho ruzuku peke yake na malipo peke yake vilileta. Hicho ndicho kiini cha makala. Muhtasari wetu wa mfano haukukigusa kabisa.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika ikisiri, na ambalo ni mwalimu wa nchi hii tu atakayeliona upesi kuliko msomaji wa Marekani: tarehe. Makala ilitoka mwaka 2019, lakini watoto walipimwa mwaka 2013 na 2014. Katikati ya miaka hiyo kulitolewa waraka wa serikali wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 michango ya lazima ya wazazi katika shule za umma ikaondolewa na ruzuku ikawa inapelekwa shuleni moja kwa moja. Shule zilizochunguzwa, kwa hiyo, ziliishi katika utaratibu ambao leo haupo. Je, matokeo yangekuwa yale yale leo? Makala haiwezi kujibu, na haipaswi kulaumiwa kwa hilo. Ila mwenye kuandika muhtasari anapaswa kuutaja mwaka wa kupima na si mwaka wa kuchapisha peke yake.

Baada ya hayo, mwanachuo yule yule angeweza kuandika hivi, wala asipite nusu ukurasa:

"Isaac Mbiti na wenzake watano waliuliza kama watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hujifunza zaidi pale shule zao zinapopewa ruzuku, pale walimu wao wanapoahidiwa malipo kwa kila mtoto anayefaulu, au pale yote mawili yanapofanywa pamoja. Waligawa kwa kura shule za msingi 350 za wilaya 10 za Tanzania katika makundi manne, moja likiwa la kulinganishia, wakazifuata mwaka 2013 na 2014. Baada ya miaka 2, ruzuku peke yake haikuinua alama. Ahadi ya malipo peke yake iliinua alama za mtihani uliotumiwa kulipia, lakini si kwa hakika zile za mtihani usio na malipo. Yote mawili pamoja yaliinua alama kuliko jumla ya kila moja. Utafiti ulifanywa kabla ya utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016, nao hauhusu madarasa ya juu."

Haya si maandishi ya kupendeza sana, nasi hatukutaka yawe hivyo. Lakini mtu asiyeiona makala anaweza kuyapima, kuyabishia na kuyatumia. Mtaona pia kwamba hatukunakili zile namba zenye nukta ambazo zimejaa katika majedwali. Mwanachuo asinakili namba asiyoweza kuieleza kwa mwenzake. Akiandika tu kwamba alama zilipanda, na katika mtihani gani, amesema anachokijua.

Tukiulizwa makala isomwe kwa mpango gani, tutajibu kwamba isisomwe kama hadithi, kutoka juu hadi chini. Ikisiri isomwe mara moja tu, kalamu ikiwa mkononi, ili kuandika swali ambalo watafiti waliuliza. Kisha msomaji aende moja kwa moja kwenye sehemu ya njia ya utafiti, na hapo asiwe na haraka. Akitoka hapo aende kwenye majedwali kabla ya kusoma maelezo ya majedwali, ajaribu mwenyewe kusema yanaonyesha nini, ndipo alinganishe na wanavyosema waandishi. Utangulizi uje baadaye. Tunajua kwamba wakufunzi wengi watatupinga hapa; lakini utangulizi wa makala ya kitaalamu ni mahali ambapo wataalamu hujibizana wao kwa wao kwa majina na miaka, na mgeni akianzia hapo huzama. Hitimisho lisomwe mwisho, tena kwa shaka kidogo.

Tunasema kwa shaka kwa sababu hitimisho na mapendekezo si sehemu ya matokeo. Katika historia ya elimu yetu umo mfano ambao kila mwanachuo anapaswa kuujua. Tume ya Rais ya Elimu, ambayo wengi huiita Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walikamilisha uchunguzi wao juu ya Kiingereza katika shule zetu. Walipima wanafunzi, wakakuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetazamia elimu kwa Kiingereza ianze. Wanafunzi wale walikuwa wanamaliza, si kuanza. Mtu angefikiri kwamba pendekezo litakalofuata ni kubadili lugha. La hasha: walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia katika sekondari na kiimarishwe, na baadaye ukaanzishwa mradi wa kukisaidia. Yawezekana walikuwa na sababu zao, na msomaji ana haki ya kuzipima. Lakini sababu hizo hazikutoka katika vipimo vyao. Aliyesoma mapendekezo tu alijifunza kwamba wataalamu wamekitetea Kiingereza. Aliyesoma vipimo alijifunza kwamba watoto walikuwa hawaelewi wanachofundishwa. Taarifa ni moja. Muhtasari wa haki huyaweka mambo haya mawili katika sentensi mbili mbalimbali, na huonyesha wazi ipi ni ya kipimo na ipi ni ya maoni.

Huja pia wakati ambapo makala mbili zinasema mambo mawili juu ya jambo moja, na mwanachuo huchanganyikiwa, akidhani kwamba mmoja kati ya watafiti ni mwongo. Wakulima wa korosho wa Lindi na Mtwara waliliishi jambo hili. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000 katika misimu mibaya. Kwa nini? Waliochunguza bei waliona kwamba mkulima alipata kidogo mno kwa kilo. Waliochunguza makazi waliona kwamba watu walihamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, na mikorosho ikabaki mbali, porini, bila kupaliliwa. Waliochunguza majani na maua chini ya darubini waliona ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua, na baadaye unga wa salfa uliponyunyizwa mavuno yakaanza kurudi, hata msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000. Kila mmoja aliona kile ambacho chombo chake kilimwezesha kuona. Darubini haionyeshi bei, na daftari la bei halionyeshi ukungu. Kwa hiyo mwanachuo anapokuta makala zinazopingana, asikimbilie kuandika kwamba "watafiti hawakubaliani". Aandike kwanza kila mmoja alipima nini, na mara nyingi ataona kwamba hawakuwa wanajibu swali moja.

Yapo mambo mawili ambayo tumeyasikia yakibishaniwa na wakufunzi. La kwanza ni lugha. Wengine husema kwamba kwa kuwa makala imeandikwa kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa wa Kiingereza, muhtasari nao uwe wa Kiingereza. Sisi tunapinga. Mwanachuo anayeandika kwa lugha ya makala anaweza kufika mwisho wa ukurasa bila kuelewa hata sentensi moja, kwa sababu maneno ya mwandishi humbeba kama mtumbwi unavyombeba abiria aliyelala. Anayelazimika kuandika kwa Kiswahili hana mtumbwi huo. Akifika kwenye neno asiloelewa, atasimama tu, na kusimama huko ndiko kujifunza. Akishauandika kwa Kiswahili, na aufasiri kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, haidhuru. Tena si kweli kwamba utafiti wote umo katika lugha za kigeni. Majarida ya Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamekuwa yakichapisha uchunguzi wa lugha na fasihi kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na tungependa kila mwanachuo aanze na makala moja ya huko kabla ya kukabidhiwa ya Kiingereza, ili ajifunze umbo la makala peke yake, bila kupigana na lugha kwa wakati ule ule.

La pili ni programu za simu ambazo siku hizi hutoa ufupisho wa makala yoyote kwa muda wa dakika moja. Wapo wanaotaka zipigwe marufuku vyuoni. Hatuoni kwamba marufuku itafika mbali. Lakini twaona kwamba mashine hiyo imetusaidia kufahamu kazi ipi haikuwa na thamani tangu zamani. Kama ufupisho wa maneno unaweza kufanywa na simu, basi alama zisitolewe kwa ufupisho wa maneno. Mwanachuo asimame mbele ya wenzake, bila karatasi, aulizwe: walipima watoto wangapi? Kwa nini walipiga kura? Ni jambo gani ambalo utafiti huu hauwezi kutuambia? Simu haitamjibia.

Pengine msomaji atauliza mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na haya yote. Chukueni mwalimu mpya aliyepangiwa Kilimarondo, mbali na mji wa Nachingwea, katika shule isiyo na maktaba. Watoto wake wa darasa la kwanza wengi wao huenda wakawa wamekulia katika Kimwera au lugha nyingine ya nyumbani, nao ndio kwanza wanakutana na Kiswahili cha kitabuni. Hapiti mwaka kabla hajasikia, katika semina au katika waraka, maneno haya: "utafiti umeonyesha". Utafiti umeonyesha kwamba watoto wafundishwe kusoma kwa silabi. Utafiti umeonyesha kwamba wafundishwe kwa sauti za herufi. Utafiti umeonyesha kwamba lugha ya nyumbani husaidia, au kwamba huchelewesha. Mwalimu asiyezoezwa kuuliza atatii kila mwaka jambo jipya, na watoto wake watakuwa wanaanza upya kila mwaka. Aliyezoezwa atanyoosha mkono kwa adabu na kuuliza: utafiti huo ulifanywa wapi, Mheshimiwa? Watoto wale nyumbani walikuwa wakizungumza lugha gani? Walifundishwa na walimu wangapi kwa darasa la watoto wangapi? Akijibiwa kwamba ulifanywa mjini, katika madarasa ya watoto 30, kwa watoto waliozaliwa katika Kiswahili, hatalazimika kuukataa. Atajua tu kwamba kwa darasa lake la watoto 90 hana budi kuujaribu kwanza kwa uangalifu, kwa kundi dogo, na kuandika anayoyaona. Huko kuandika nako ni mwanzo wa utafiti, na pengine wa makala ambayo siku moja wanachuo wengine wataifanyia muhtasari.

Kwa upande wa wakufunzi, tunapendekeza mabadiliko ambayo hayahitaji fedha. Badala ya kuwapa wanachuo makala 6 kwa muhula, wapeni mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na kila moja isomwe kwa wiki kadhaa: wiki ya kwanza njia ya utafiti peke yake, wiki ya pili majedwali, na ya tatu ndipo iandikwe. Makala zichaguliwe zinazohusu shule za nchi hii, kwa maana mwanachuo ambaye hajui darasa la Finland lilivyo hawezi kuona ni kitu gani makala ya Finland haikusema. Kila mwanachuo ausome muhtasari wake kwa mtu ambaye hakuisoma makala, akiwezekana mzazi au mwalimu wa shule ya mazoezi, na mtu huyo aandike maswali matatu pembeni. Na katika kusahihisha, kati ya alama 20, tungetoa 10 kwa maelezo ya njia ya utafiti, yaani nani, wapi, lini, wangapi na vipi. 5 kwa matokeo yaliyotenganishwa na mapendekezo. 3 kwa mipaka ya utafiti. Na 2 zilizobaki kwa lugha. Hesabu ya maneno isipewe hata moja.